Kelele Moja Inatosha: Nilivyostaafishwa na Bati Moto

Juzi nimesimama dukani hapa Kiwalani nasubiri kupimiwa mafuta ya kula, Naima mgongoni, akaja binti mmoja kavaa fulana ya bendi ya Bati Moto. Fulana mpya, bado ina mikunjo ya pakiti. Nikawa naiangalia, maana zile za kwanza tulizichapa sie wenyewe kwa rangi ya ukutani na zilikuwa zinawasha hatari. Binti akaniona ninavyokodoa macho, akanionea huruma. Akasema, "Na wewe dada unawajuaga hawa?"

Wadogo zangu, nilitaka kumjibu palepale, ila mtoto alikuwa kalala na mafuta yalikuwa yanamiminwa. Kwa hiyo namjibu hapa, na nyie wengine mnaokuja getini kwangu kuuliza "dada mbona siku hizi hatukuoni kwenye shoo" pateni jibu lenu humohumo, mniache nifue.

Nawajua. Nilianza kama shabiki, kidato cha pili, nachungulia juu ya ukuta na sketi ya shule. Nikaishia kuwa mtu wa mitambo, yaani yule anayekaa kwenye miksa, ile meza ya vitufe inayokusanya sauti za magita na maiki kabla hazijaenda kwenye spika. Hiyo ndiyo kazi iliyokula ujana wangu, na ndiyo kazi niliyostaafishwa. Sijafika hata thelathini. Wenzangu wakistaafu wanapewa saa ya ukutani na keki. Mie niliambiwa, "Pumzika, dada, ulee."

Na mie sikutaka kupumzika. Nilitaka miksa yangu. Mengine yote nitakayowaambia yanazunguka hapo.

Haya, kwanza huo uongo wenu wa mitandaoni. Mnaandika kwamba Bati Moto ilianzia studio, Sinza. Studio gani? Ilianzia uani kwa Mama Seif, kati ya karo la kufulia na banda la kuku. Seif, mwanawe, alikuwa anapiga ndoo za rangi na sinia, mpaka kanisa moja la Kipawa lilipopata dramu mpya akachukua zile za zamani. Godi, huyu mnayemuona leo anaimba amefumba macho, alikuwa mtoto wa mwalimu aliyehamia hapa kutoka bara. Gita alijifunzia kwaya. Kwaya wakamfukuza, kwa sababu Jumapili moja wakati wa sadaka alibonyeza kale kamtambo ka kukwaruza sauti, waumini waliokuwa wanakwenda mbele wakarudisha mikono mifukoni.

Wakakutana hao wawili, Muislamu mwenye dramu za kanisa na Mkristo aliyefukuzwa na kanisa, wakaamua kupiga roki. Kiwalani! Mtaa mzima unacheza singeli, wao wanapiga roki. Baba yangu aliniuliza roki ndiyo nini. Nikamwambia ni muziki wa magita yenye hasira. Akasema, "Nani kayaudhi?"

Jina nalo si falsafa yoyote. Paa la bati la jiko la Mama Seif lilikuwa linatetemeka wakipiga mpaka kutu inadondoka kwenye unga wa vitumbua. Mama Seif anauza vitumbua, na mama wa Kipwani wa zamani huwezi kumwekea kutu kwenye vitumbua ukabaki salama. Akawa anapiga kelele, "Bati langu! Bati limepata moto huko, punguzeni!" Basi.

Sasa sikieni hili vizuri, kwa sababu ndilo linalonichoma. Ule ukimya wao mnaoupenda. Ule wa katikati ya wimbo, bendi inakata ghafla, wote mnanyoosha kidole juu, kimya, halafu dramu inarudi na nyie mnapiga mayowe. Mpiga dramu wa sasa, braza Kelvin, alikwenda redioni akaulizwa ule ukimya mliubuni vipi. Akajibu kwa sauti nzito, "Ule ni sanaa. Tuliona msikilizaji anahitaji nafasi ya kujitafakari."

Mie nilikuwa nabadilisha nepi. Nusura niitupe kwenye redio.

Kujitafakari! Pale uani ndege zinashuka kwenda kiwanja cha ndege cha jirani kama zinataka kuchukua nguo kwenye kamba. Siku za mwanzo walikuwa wanapiga, ndege inapita, nao wanaongeza sauti washindane nayo. Mama Seif akatoka jikoni, upawa wa kuchotea uji wa vitumbua mkononi, akasimama mbele ya dramu.

"Seif."

"Naam, mama."

"Kelele moja inanitosha. Hiyo ya juu siwezi kuifukuza. Nyie naweza."

"Mama, sasa tufanyeje?"

"Ikija ndege, mnanyamaza. Ikishapita, endeleeni na mashetani yenu. Kelele moja kwa wakati, kama hamtaki nendeni mkapige kwa mama zenu wengine."

Tangu siku hiyo, ndege ikisikika Mama Seif anatokeza mlangoni na upawa juu, uji unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na bendi inakata. Palepale, hata kama ni katikati ya neno. Sie mashabiki juu ya ukuta tukawa tunamuiga, tunanyoosha kidole. Ndege ikipita upawa unashuka, Seif anahesabu kwa fimbo, wanaingia walipoachia. Hicho ndicho mnachokiita sanaa. Ni mama na upawa wake.

Na ilikuwa shule kubwa, mkitaka kujua. Kusimama pamoja na kuingia pamoja bila mtu kuchomoka mbele ni kitu bendi nyingi hazijui mpaka zinavunjika. Wale walijifunza kwa kuogopa kupigwa na upawa.

Mie niliingiaje? Waya. Mpiga besi wao wa kwanza, Mudi, alikuwa anakunja nyaya za maiki kwenye kiwiko na kiganja, kama mtu anakunja kamba ya kuanikia. Kila wiki waya unakufa, na kila wiki wanalaumiana nani kaukanyaga. Mie nimekaa ukutani nawaona tu. Siku moja nikaropoka, "Si mnauvunja wenyewe mkiukunja!"

Mudi akanitazama. "We mtoto wa shule unajua nini?"

"Najua kwamba mjomba wangu anakodisha spika za misiba na harusi, na ukikunja waya wake hivyo hakupi chai."

Godi akacheka, akanirushia waya. "Haya shuka, fundi. Tuonyeshe."

Nikashuka, na sketi ikachanika. Sikupanda tena ule ukuta.

Basi nawaonyesha na nyie. Waya una njia yake uliyozaliwa nayo, unataka kujiviringa duara. Ushike uuache ujiviringe wenyewe mkononi, duara moja juu, duara linalofuata unaligeuzia chini, juu, chini, hivyohivyo. Ukija kuurusha unanyooka kama mstari, hauna fundo hata moja. Ukiukunja kwa kiwiko unausonga, nyuzi za ndani zinakatika na nje huoni kitu. Halafu unafika kwenye shoo, maiki inakohoa, watu wanakuzomea, na wewe unaanza kusema umelogwa. Hujalogwa. Umekunja waya vibaya.

Na mkiona maiki inapiga mluzi, msikimbilie kuteremsha kila kitu kama mnazima moto. Angalieni kwanza nani anaielekeza maiki kwenye spika. Mara nyingi ni mwimbaji, kanogewa, kainamia mashabiki. Mrudisheni nyuma hatua moja, mluzi unakufa. Mie makosa niliyafanya. Kuna siku nilichomeka amplifaya kwenye soketi moja na friza ya dada mmoja muuza barafu, swichi ikaruka, na hakuna aliyejua mpaka barafu zilipoanza kutembea zenyewe kwenda mtaroni. Yule dada hadi leo akiniona ananiita Masika.

Sasa wapiga besi. Mnaniuliza mpangilio wa bendi kwa miaka yote, nani alikuja baada ya nani. Jamani! Godi na Seif ndio walikuwa kuta za nyumba. Kiti cha besi kilikuwa kama kiti cha kinyozi, mtu anakaa, ananyanyuka, anakaa mwingine. Mudi alioa, na mkewe akasema besi au mie. Akaja mmoja mrefu, mzuri kweli kwa kidole, akaokoka katikati ya mazoezi. Kweli kabisa, aliweka gita chini akasema "nimeitwa", akaondoka na waya wangu. Akaja mwingine akahamia Dodoma kwa kazi. Baada ya hapo sikuwa najisumbua kushika majina, nilikuwa naandika "besi" kwenye plasta nabandika kwenye miksa, anayekuja anajua kwake ni wapi.

Ila kwenye kumbukumbu zangu zote, siku ninayoipenda ni ile ya Kibamba. Tuliitwa kupiga kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa. Mtu alituona mahali akadhani ni bendi ya kawaida. Kibamba huko Morogoro Road, watu wametulia, mama zetu wa bara na vitenge vyao vimepigwa pasi mpaka vinakata. MC akatuomba kitu cha kunesa. Godi akasema sawa, wakaanza na wimbo wao wenye mwendo wa polepole. Unaendaenda vizuri, watu wanatikisa vichwa, shangazi mtu kanyanyuka anakuja mbele na leso.

Mara, bendi nzima ikakata. Ghafla. Seif fimbo juu, Godi kidole juu, besi kidole juu, mie nyuma ya miksa kidole juu.

Hakuna ndege. Kibamba ndege zinapita mbali huko, hata huzisikii. Ila ule wimbo tulikuwa tunaufanyia mazoezi saa ileile ya kila siku, na kila siku ndege ilikuwa inakuja palepale. Shimo lilishaingia kwenye wimbo bila sie kujua! Tumesimama pale vidole juu tunasubiri ndege isiyokuwepo.

MC akapayuka, "Umeme!" Taa zinawaka. Shangazi mwenye leso akaangalia vidole vyetu, akaangalia mbinguni, akasema kwa unyenyekevu, "Tusali." Ukumbi mzima ukainama. Shangazi akaomba, akamuombea binti, akamuombea mkwe, akaombea safari za wageni. Tukabaki na vidole juu mpaka amina. Alipomaliza Seif akahesabu, wakaingia walipoachia, na watu wakapagawa. Mama wa binti alilia. Akatuambia hajawahi kuona vijana wa magita wenye hofu ya Mungu kiasi kile.

Njia nzima ya kurudi tulicheka mpaka mbavu zikauma. Baada ya hapo wakaacha lile shimo kwenye wimbo kwa makusudi, popote tunapokwenda. Mashabiki wakaanza kulisubiri. Hivyo ndivyo Bati Moto ilivyojulikana.

Halafu Seif akaondoka. Alipata kazi ya lori, anapeleka mizigo Tunduma, na huwezi kupiga dramu ukiwa Tunduma. Akaja Kelvin. Sikatai, Kelvin ni mzuri, ana mikono. Ila siku ya kwanza aliingia uani akamwambia Mama Seif, "Mambo vipi, mama?" Mama Seif akamtazama mpaka akaishia. Kuku wenyewe walinyamaza. Nikamnong'oneza, "Shikamoo, braza. Shikamoo!" Akasema, lakini ilishapoa.

Kelvin akasema uani hapafai. Wakahamia chumba cha kukodi, ukutani wamebandika magodoro, hakisikiki kitu cha nje. Ndege hakuna. Na ule ukimya akaugeuza hesabu: anahesabu nne kichwani, anaingia. Nne! Kama mtu anasubiri taa za barabarani.

Mie wakati huo tumbo lilikuwa kubwa, nafikia miksa kwa ubavu. Nilifanya kazi mpaka wiki ya mwisho, na Godi mwenyewe ndiye aliyekuwa ananibebea kiti. Nikajifungua Naima. Arobaini ilipokwisha nikamfunga mgongoni, nikaenda kwenye magodoro yao. Nikakuta kijana kakaa kwenye kiti changu, kofia kageuza nyuma, plasta zangu zote kazibandua. Ray. Rafiki yake Kelvin.

Godi akanitoa nje. Akawa anakuna shingo.

"Zuhura, pumzika kwanza, dada. Ulee."

"Nalea. Huyu hapa mgongoni, humuoni?"

"Namuona. Mzuri, mashallah." Godi Mkristo, lakini miaka yote ile kwa Mama Seif imemwingia. "Ila fikiria mwenyewe. Mtoto akilia katikati ya mazoezi?"

"Nitamnyonyesha."

"Ndiyo, na sie?"

"Nyie nini?"

"Tutakuwa tunasimamasimama? Bendi haiwezi kuwa inasimamasimama, Zuhura. Akikua kidogo urudi."

Wadogo zangu, sijui kwa nini sikumjibu. Nilikuwa sijalala vizuri tangu nijifungue, maziwa yamelowesha blauzi, na pale mlangoni Ray ananiangalia kama mie nimekuja kuuza vitumbua. Niligeuka nikaondoka. Nikafika nyumbani nikafua ndoo tatu za nepi kwa hasira, nepi nyingine zilikuwa safi. Baba Naima, fundi friji, mtu wa maneno machache, akaniuliza, "Nani kafa?" Nikamwambia mie.

Miezi ikaenda. Nikawa nawasikia redioni kama nyie. Mpaka likaja tangazo kwamba wanarudi nyumbani, shoo ya bure, Jumapili alasiri, uwanja wa mpira Kiwalani. Wanarudi kulekule kwenye ndege!

Nilijiambia siendi. Jumapili ilipofika nikawa nimevaa kabla hata sijaamua. Mama Seif alikuwa pembeni ya uwanja na jiko lake, vitumbua vinauzika kuliko fulana. Nikampa shikamoo, akambusu Naima kichwani, akanipa kimoja cha moto. Akasema, "Nenda kaangalie mitambo yako. Huyo wa kofia anaigusagusa kama anatafuta chumvi."

Nikasogea mpaka kwenye kamba waliyozungushia miksa. Nikamwambia Ray kwa upole, nawaapia kwa upole kabisa, "Kaka, hapa ndege zinapita chini sana. Ikija waambie wakate."

"Ikija napandisha sauti."

"Hutaishinda."

"Mama," akaniita mama, "watoto hawaruhusiwi karibu na mitambo. Naomba usogee."

Nikasogea hatua moja. Naima amelala mgongoni, hizi spika kwake ni bembelezo, alizisikia tangu tumboni. Bendi ikaanza. Watu wamejaa mpaka juu ya kuta za jirani, na wengi ni wale wa zamani, muuza barafu yupo, Mudi yupo na mkewe, na anajua nyimbo zote, mkewe. Wamefika katikati ya wimbo wa pili, nikaisikia. Kwa mbali, upande wa Kipawa. Watoto wa Kiwalani tunasikia ndege kabla haijaonekana.

Sikusema kitu. Wala sikuhitaji. Uwanja mzima ukanyoosha vidole. Mmoja, kumi, wote, kama nyasi zinainuka. Wakakata kuimba, wakakata kucheza, wakatulia tuli. Na pale jukwaani Kelvin anagonga tu! Si mahali pake pa kuhesabu nne, kwa hiyo anagonga. Ray akasukuma kila kitu juu mpaka mwisho, maiki zikapiga mluzi, ndege ikaingia juu yetu na tumbo lake lote, na hakuna kitu kilichosikika isipokuwa ndege na mluzi. Godi alikuwa kafumba macho. Akayafumbua. Akaona vidole.

Sura yake sitaisahau. Kama mtu aliyeingia nyumba ya watu akakumbuka kumbe ni kwao. Akaondoa mkono kwenye gita. Besi akaacha. Kelvin akaendelea peke yake, tatata, tatata, akageuka kulia, akageuka kushoto, akaacha. Ray nikamuona mikono imeganda. Nikapitisha mkono juu ya kamba, nikateremsha maiki ya Godi, ule mluzi ukafa.

Ndege ikapita, kimya kikabaki. Kimya kizito cha uwanja mzima. Kelvin akainua fimbo ahesabu.

Na kile kimya kikamuamsha Naima.

Jamani, mwanangu ana mapafu. Alilia kilio kimoja kikatoka mgongoni kwangu mpaka magolini, upande ule na upande huu. Watu wakageuka. Mie natamani ardhi inimeze, nahangaika kufungua kanga, Ray ananiangalia kwa jicho la "nilikwambia". Kelvin akagonga fimbo, "Moja, mbi..."

"BADO!"

Mama Seif. Kasimama juu ya kigoda chake pembeni ya jiko, upawa juu, uji unachuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Bado, nimesema! Kuna kelele nyingine hapo! Kelele moja kwa wakati!"

Watu wakaangua kicheko, lakini vidole havikushuka. Hata kimoja. Nikakaa palepale juu ya boksi la nyaya, nikajitanda kanga, nikampa Naima ziwa. Akashika. Uwanja ukatulia ukawa unasikia mtoto anavyogugumia. Kelvin fimbo zimemning'inia hewani, akauliza, maiki yake iko wazi, watu wote wakamsikia:

"Sasa tunasubiri mpaka lini?"

Mama Seif akamjibu, "Mpaka ashibe."

Nikamtazama Godi. Ndipo lile jibu nililolikosa siku ile mlangoni likanijia, na sikuwa na haja ya kupaza sauti, pale kila mtu alikuwa kanyamaza.

"Godi. Ndege za watu usiowajua mmezisimamia miaka yote hii. Mwanangu mkashindwa?"

Alikuna shingo. Kisha akakaa chini kwenye ukingo wa jukwaa, gita mapajani, kidole juu, akasubiri kama sie wengine.

Naima alishiba alipotaka yeye. Upawa ukashuka. Kelvin akahesabu, wakaingia palepale walipoachia, na mayowe yaliyopigwa, nawaambia, mabati ya Kiwalani yalidondosha kutu. Na mie nilikuwa nishainuka, nimeshaingia ndani ya kamba, Naima kifuani. Ray alinipisha bila kuambiwa. Nilimwambia abaki, ashike upande wa magita, na kofia aigeuze mbele jua lisimpige machoni.

Bado nina hasira, msidhani. Nina hasira na miezi ile yote, na nepi safi nilizozifua bure, na Kelvin hajarudi redioni kurekebisha kauli yake. Nimemwambia asiponitajia Mama Seif hewani, dramu zake nitazifungia sauti mpaka ajitafakari.

Ila wamerudi uani. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, alasiri, kati ya karo na banda la kuku. Nyie mabinti mnaotaka kujifunza mitambo njooni, mvae suruali, na mkiingia anzeni na shikamoo kwa Mama Seif kabla hamjanisalimia mie. Nitaanza kuwafundisha kukunja waya. Na mkiwa njiani mkasikia bendi imekata ghafla, msianze kuulizana kama umeme umekatika. Angalieni juu. Kama hakuna ndege, ni Naima ananyonya. Subirini.